Tairi la nyuma la baiskeli ya mlimani: liwe jepesi kuzunguka, lihimili mawe ya Mwanza

Tairi la mbele usilibanie hela. Ndilo linaloshika kona, na likiteleza kwenye mteremko wa mawe unakuwa chini kabla hujajua kilichotokea. La nyuma ni habari nyingine. Linabeba sehemu kubwa ya uzito wako, linasukumwa na cheni, linaburutwa kila unapokamata breki ya nyuma, na hata likiteleza kidogo bado unaweza kuirudisha baiskeli njiani. Kwa hiyo la nyuma tunalidai mambo mawili yanayovutana: lizunguke kwa wepesi, na lidumu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Igoma, na siku nikifunga kibanda mapema napanda mwenyewe kuelekea Kisesa na vilima vya Bujora. Ninayoyaandika hapa nimeyashika kwa mikono na kuyakanyaga kwa miguu.

Mteja akiniuliza tairi gani zuri, mimi namuuliza kwanza anapita wapi. Mwamba wenyewe wa Mwanza, ukiwa mkavu, unashika tairi vizuri sana. Hata tairi lenye meno mafupi linapanda. Shida ni vipande vyake. Kwenye vilima ambako watu wanaponda kokoto, njia imejaa vijiwe vyenye makali, na makali hayo hayagusi meno ya tairi, yanakwangua ubavu. Chini ya kilima unakuta luseni, ule mchanga wa chengachenga uliomeguka kutoka kwenye mwamba, na hapo tairi jembamba linazama. Ukienda upande wa Magu au Misungwi unaingia kwenye mbuga, udongo mweusi. Kiangazi umekauka na kuwa mgumu wenye nyufa, masika unajaza meno mpaka gurudumu linagoma kuzunguka kwenye fremu. Halafu kuna mbigili na miiba ya migunga pembeni mwa njia zote hizo.

Matairi ya nyuma ninayoyatoa kwenye baiskeli za wapandaji wa huku, mengi bado yana meno. Yamechanika ubavu. Ndiyo maana ninasema uanze kulikagua tairi kwa ubavu wake, ingawa dukani macho huenda kwenye meno.

Lishike mkononi, ubane ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada, uuchezeshe. Ukiwa laini kama kitambaa cha shati, hilo ni tairi la mashindano kwenye njia safi, na kwenye kokoto zetu halitafika mbali. Ukihisi mpira wa kutosha juu ya nyuzi lakini bado unakunjika bila kukushinda, hapo ndipo pazuri. Ukiwa mgumu kiasi kwamba unatumia nguvu kuukunja, lina uhai mrefu ila utalisukuma kwa jasho. Sababu yake ni hii: kila tairi linapogusa ardhi linabonyea, kisha linajirudisha, na kule kubonyea na kujirudisha kunakula nguvu za miguu yako na kuzigeuza kuwa joto. Ubavu mnene unakula zaidi. Meno marefu na laini nayo yanakula, kwa sababu kila jino linapinda likikanyaga na kunyooka likiachia.

Ubavuni utaona pia maandishi TPI na namba, mara nyingi 60 au 120. Hiyo ni idadi ya nyuzi katika kila inchi ya kitambaa cha ndani. Nyuzi 120 ni nyembamba, tairi linakuwa jepesi na linakunjika kwa ulaini. Nyuzi 60 ni nene, tairi linakuwa zito kidogo na linavumilia zaidi. Kwa nyuma, kwa njia zetu, mimi huchagua 60 bila kusita, isipokuwa lile la 120 liwe limeongezewa kitambaa cha kinga ubavuni.

Sasa meno. Katikati yawe mafupi na yamekaribiana, karibu yagusane, ili tairi lizunguke kama mstari mmoja badala ya kudundadunda. Pembeni yawe makubwa zaidi na yamesimama imara, kwa ajili ya kona. Yako matairi ya nyuma ambayo katikati ni karibu laini kabisa na meno yako pembeni tu. Hayo yana kasi sana kwenye lami na kifusi kilichoshindiliwa, lakini ukikamata breki kwenye luseni ya mteremko yanateleza moja kwa moja. Anayekaa Nyegezi na kwenda Luchelele kila siku anaweza kuyatumia kwa raha. Anayeshuka vilima vya Mabatini namwambia ayaache.

Mpira wenyewe una ugumu wake, na kampuni nyingine huutaja kwa namba kama 50a au 60a. Namba ikiwa kubwa, mpira ni mgumu zaidi. Mgumu unazunguka kwa wepesi na hauishi upesi, kwa hiyo 60 au zaidi kidogo inafaa nyuma. Kwenye mwamba uliolowa lakini utauona udhaifu wake, basi asubuhi ya mvua shuka taratibu. Kama namba haipo, bonyeza jino kwa ukucha. Alama ikibaki na kurudi polepole, mpira ni laini, huo upeleke mbele.

Kuhusu saizi nakuomba usome kwa makini, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotea. Juzi alikuja binti anayesoma kule Malimbe, na tairi jipya mkononi.

"Shikamoo fundi. Tairi linagoma kuingia, na ni ishirini na sita kama la zamani."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee maandishi madogo ya ubavuni."

Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, ya mjini, yenye 26 x 1 3/8. Alilonunua ni 26 x 1.95 la mlimani. Yote mawili yanaitwa 26 lakini hayaingiliani kamwe, kwa sababu la kwanza lina kipenyo cha milimita 590 pale linapokaa kwenye rimu, na la pili 559. Namba hiyo ya tarakimu tatu ndiyo ya kuiamini. Baiskeli ya mlimani ya 26 ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Zile Phoenix za zamani za 28 x 1 1/2 ni 635, na ukimtajia muuza duka "ishirini na nane" anaweza kukupa hilo wakati baiskeli yako inataka 622. Maandishi kama 57-622 yanamaanisha upana wa milimita 57 na kipenyo cha 622, yaani 29 x 2.25. Iandike namba ya tairi lako kwenye simu kabla hujaenda sokoni.

Kwa upana, kati ya inchi 2.2 na 2.35 ndio unaofaa nyuma kwa ardhi yetu. Jembamba kuliko hapo linazama kwenye mchanga, na tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu mpaka inatoboka matundu mawili yanayokaa sambamba. Pana zaidi ni zito, na huenda lisipite kwenye fremu. Pima nafasi iliyopo kati ya tairi la sasa na fremu pande zote mbili. Ukikosa angalau milimita 6 baada ya tairi jipya kuingia, matope ya mbuga yatakukwamisha njiani.

Kama una ndugu anayerudi kutoka nje, au unaagiza, nitakutajia majina. Vittoria Mezcal ndilo ningelifunga kwanza: meno ya katikati ni mafupi, yamesongamana, na linadumu. Maxxis Ikon ni la aina hiyohiyo. Tafuta lenye neno EXO ubavuni, ndiyo kinga dhidi ya kuchanwa. Maxxis Rekon lina meno makubwa zaidi kidogo, linafaa mtu anayepanda hata masika. Schwalbe wa Ujerumani wanatengeneza Racing Ralph kwa ajili ya nyuma na Racing Ray kwa ajili ya mbele, na Ralph lenye kitambaa cha Super Ground linavumilia kuliko lile la Super Race. Continental Race King lina kasi sana kwenye njia kavu na lami. Matope si yake.

Wengi tutanunua linalopatikana mjini, na hapo kanuni za ubavu, meno na ukucha zinatosha. Ongeza moja: usikubali tairi lililokuwa limening'inizwa nje kama tangazo la duka. Jua limeshaanza kulikausha. Likunje, utazame chini ya meno na ubavuni. Ukiona nyufa ndogo kama za nywele, mrudishie mwenyewe na uombe lililokaa ndani. Lile lenye waya pembeni, lisilokunjika kuwa furushi, ni zito kidogo na bei yake ni nafuu. Kwa nyuma halina ubaya wowote.

Upepo unaweza kulifanya tairi zuri liwe bovu. Vijana wengi wanajaza mpaka tairi linalia kama jiwe, wakidhani ndiyo kasi. Kwenye lami ni kweli kwa kiasi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 ukitaka kwenda Sengerema kwa lami jaza mpaka PSI 40 (PSI ni kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu yenye geji). Kwenye mawe, tairi gumu linakurusha juu kila kokoto, na nguvu iliyokurusha imetoka kwenye miguu yako. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la 2.25 na tyubu aanze na PSI 30 nyuma na 27 mbele, kisha apunguze kidogo kidogo. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza mbili. Mwenye mzigo nyuma aanze juu zaidi. Usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Mfumo wa bila tyubu, wenye dawa ya majimaji inayoziba matundu, ni dawa kweli ya mbigili, lakini unataka rimu na tairi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa joto letu dawa inakauka. Ifungue uikague kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wenye tyubu, wapo wanaolaza utepe wa tairi la zamani ndani ili kuzuia miiba. Unazuia, sikatai. Ila tairi linakuwa zito, na kingo za utepe zisipochongwa zikawa nyembamba zinaisugua tyubu mpaka inatoboka. Mimi huwawekea wabeba mizigo tu.

Kila ukipata pancha, kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kwa mzunguko. Kikinasa mahali, mwiba bado upo. Tairi lina mshale wa mwelekeo, ufuate. Na meno ya katikati yakibaki nusu, anza kuweka akiba. Nyuzi zikionekana, au ubavu ukivimba, litoe siku hiyohiyo, wala usilihamishie mbele. Kata kipande cha ubavu wake chenye urefu wa kidole, ukiweke kwenye mfuko wa zana pamoja na solusheni na viraka: siku jiwe likichana tairi jipya huko Bujora, kipande hicho ukikipachika kwa ndani kitaizuia tyubu isichungulie nje mpaka ufike Kisesa.