Kabla hujasaini mkopo wa digrii ya Baiolojia, piga hesabu hii

Naandaa mishahara ya watumishi wa halmashauri, mwaka wa 11 sasa. Ajira mpya zikitoka, mwezi wa kwanza wa mshahara vijana hujaa mlangoni kwangu. Kuna mmoja simsahau, mwalimu wa Baiolojia na Kemia. Alishika karatasi ya mshahara, kidole kwenye mstari wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hapa Tanzania), akauliza: "Mama, hii laki na ishirini ni mwezi huu tu, au kila mwezi?" Alikuwa ameshalipia chumba kwa kuangalia mshahara ulioandikwa kwenye tangazo la kazi.

Hesabu aliyoifanya siku ile mezani kwangu angeweza kuifanya alipokuwa kidato cha sita. Wewe uliyemaliza PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), chukua daftari na simu yenye kikokotoo. Mzazi naye akae karibu.

Hatua ya 1: Geuza asilimia kuwa shilingi

Vijana hufurahi, "nimepata mkopo asilimia 80!", wakaishia hapo. Deni linasomwa kwa shilingi, kwa hiyo liandike kwa shilingi. Fedha ya chakula na malazi, ile mnayoiita bumu, tuweke 10,000 kwa siku. Siku 240 za masomo kwa mwaka zinafika 2,400,000. Vitabu na viandikwa 200,000. Ada ya sayansi kwenye chuo cha serikali tuseme 1,300,000, kama Bodi inailipa yote. Mwaka mmoja ni 3,900,000, miaka mitatu 11,700,000. Ukiongeza mafunzo kwa vitendo umevuka milioni 12. Nitatumia milioni 12 kamili.

Kabla ya kuomba mkopo, kama ufaulu wako ni wa juu sana, angalia kwanza Samia Skolashipu iliyoanza 2022 kwa wanafunzi wa sayansi. Ule ni ufadhili, haurudishwi.

Hatua ya 2: Andika kazi utakayoomba

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo usipite haraka. Zoolojia, botania, mikrobaiolojia, digrii ya sayansi pamoja na ualimu: zote watu wanaziita Baiolojia, lakini kila moja ina mlango wake.

Mpwa wangu alijaza mikrobaiolojia akiamini atafanya kazi maabara ya hospitali. Nilimuuliza swali moja tu: nani atakusajili? Tukatafuta pamoja, tukakuta kwamba Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya husajili waliosomea sayansi ya maabara za afya. Digrii ya mikrobaiolojia, hata uipate kwa daraja la kwanza, haikuingizi kwenye daftari lile. Alilia usiku ule, ila alilia akiwa bado hajakopa shilingi.

Kwa hiyo fungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Kwa miezi mitatu soma kila tangazo, sehemu ya sifa za mwombaji, na uweke alama kila unapoona digrii yako imetajwa kwa jina. Fanya hivyohivyo kwa taasisi za utafiti: NIMR kwa magonjwa ya binadamu, TAWIRI kwa wanyamapori, TARI kwa kilimo, TAFIRI kwa uvuvi. Angalia wanataka shahada ya kwanza au ya uzamili. Kama kazi unayoipenda inadai uzamili, andika gharama ya uzamili kwenye daftari lako leo, chini ya ile milioni 12.

Hatua ya 3: Shusha mshahara hadi mkononi

Tuseme umeajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi wa 800,000. Makato yanakwenda hivi:

PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5%: 40,000
Kodi (PAYE) kwenye 760,000 iliyobaki: 68,000
Bima ya afya 3%: 24,000
Chama cha wafanyakazi 2%: 16,000
HESLB 15%: 120,000

Unabaki na 532,000. Shika jambo hili: ile 15% inapigwa kwenye mshahara wa msingi, kabla kodi na mengine hayajaguswa. Ilikuwa 8% mpaka sheria ilipobadilishwa 2016, ndiyo maana kaka zenu waliosoma zamani wanawapa hesabu tofauti.

Shule binafsi ikikulipa 600,000, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10% ni 60,000, kodi 24,000, HESLB 90,000. Mkononi 426,000.

Hatua ya 4: Gawanya

Milioni 12 ukigawanya kwa 120,000 ni miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Kwa yule wa shule binafsi ni miezi 133, zaidi ya miaka 11. Mshahara ukipanda, makato yanapanda nao na miezi inapungua.

Kipimo changu: ikizidi miaka 12, rudi hatua ya 2 utafute kozi nyingine au chuo cha ada nafuu. Ikiwa chini ya tisa, na kazi yenyewe unaipenda, kopa bila hofu.

Tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Kwa hiyo nawasihi: msichukue mkopo wa benki wenye riba ili kumaliza deni la HESLB. Nimeona watumishi wanaofanya hivyo, na inaniuma kila ninapoingiza makato yao mapya.

Hatua ya 5: Hesabu miaka ya kusubiri

Bodi inakupa miezi 24 baada ya kumaliza chuo kabla ya kuanza kurejesha. Ajira inaweza kuchelewa kuliko hapo. Piga hesabu ya pili ukidhani utakaa miaka mitatu bila ajira: utakula wapi, utalala kwa nani, utafanya nini? Ukijiajiri, kiwango cha chini cha kurejesha ni 100,000 kwa mwezi. Ufugaji wa kuku au duka la dawa za mifugo lazima litoe kiasi hicho juu ya kodi ya pango na chakula chako.

Ukishaajiriwa

Linganisha karatasi ya mshahara na taarifa yako ya Bodi angalau mara mbili kwa mwaka. Makato yakitoka kwako yasipoonekana kule, mfuate mhasibu wako mapema, na karatasi zote mkononi. Na deni likifika sifuri, chukua barua ya Bodi uilete ofisi ya mishahara mwanzoni mwa mwezi, kabla mishahara haijafungwa, ili mwezi uleule mstari wa HESLB uondoke.