Umeanguka na Pikipiki Porini, Uko Peke Yako na Umri Umesogea: Fanya Hivi

Mwongozo huu ni wa mwendeshaji aliyevuka miaka 55 anayepita peke yake njia za mchanga, mawe na udongo mweusi. Tuseme kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambako jua ni kali na mtandao wa simu haupo kila mahali. Kuanguka kwenyewe mara nyingi ni kwa mwendo mdogo. Kinachomwumiza mzee zaidi ni nusu saa inayofuata: anakurupuka, anainua chuma kizito juani, kisha anaondoka na mbavu iliyovunjika bila kujua. Ndiyo maana pikipiki haiinuliwi hadi hatua ya nne.

Hatua ya 1: Zima, jinasue, keti

Bonyeza swichi nyekundu ya kuzimia injini, kisha zima ufunguo. Kama ni ya kabureta, funga koki ya petroli. Pikipiki ikilala ubavu, petroli humwagika kutoka kwenye kabureta, na ekzosi iko moto hapo hapo.

Mguu ukiwa umebanwa, usiuvute kwa nguvu, maana goti lililonusurika kwenye ajali linaweza kuteguka hapo. Weka mguu ulio huru kwenye kiti usukume, huku mikono ikifukua mchanga chini ya mguu uliobanwa. Shimo la kina cha kiganja mara nyingi linatosha kuitoa buti. Kwenye mawe hufukui kitu, tumia kabari. Kila pikipiki inaponyanyuka kidogo, sukumia jiwe chini ya kikanyagio lisiruhusu irudi.

Ukishatoka, keti kivulini dakika 10 kwa saa ya mkononi. Kunywa maji kidogo kidogo. Mshtuko wa ajali hufunika maumivu, na ukisimama mapema utajidanganya kwamba uko mzima.

Hatua ya 2: Jikague kuanzia kichwani

Anza na swali hili: unakumbuka ulivyoanguka? Kama kuna kipande hukikumbuki, ama kichwa kimegongwa ama ulizimia kabla ya kuanguka. Vyote viwili vinakunyima ruhusa ya kuendesha. Mwenye kisukari apime sukari hapo hapo. Asiye na kipimo ale kitu kitamu.

Shingo: usiigeuze kwanza. Bonyeza mifupa ya katikati nyuma ya shingo kwa vidole. Ikiuma, au mikono ina ganzi na kuchomachoma, lala tuli, acha helmeti ilipo, omba msaada. Kama hakuna kitu, geuza kichwa taratibu kushoto na kulia, nusu ya njia ya kuangalia begani. Ukishindwa upande wowote, lala tuli vilevile na uombe msaada. Mwenye miaka 65 na zaidi apigwe picha ya shingo hospitali hata kama anageuka vizuri, kwa sababu mfupa wa umri huo huvunjika bila kelele.

Kifua: vuta pumzi ndefu, kohoa mara moja. Maumivu ya kuchoma mahali pamoja ni mbavu. Maumivu ya mbavu za chini kushoto yakiambatana na maumivu ya ncha ya bega la kushoto, bega ambalo halikugonga popote, ni dalili ya bandama kuvuja damu. Hapo huna muda wa kutengeneza pikipiki.

Usitegemee mapigo ya moyo pekee. Anayetumia atenololi au propranololi kwa presha anaweza kuwa anavuja damu ndani na mapigo yake yakabaki ya kawaida, kwa kuwa dawa inauzuia moyo kwenda mbio. Angalia jasho la baridi, kiu isiyoisha na kizunguzungu unapoketi wima.

Nyonga: ukiwa umelala, linganisha miguu. Mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, nyonga imevunjika. Kifundo cha mguu: hatua nne. Usipoweza kutembea hatua nne, ichukulie kama imevunjika, na usivue buti; inafanya kazi ya banzi.

Jeraha linalotoka damu libonyeze kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kisha lifunge kwa ukanda wa tyubu, ule ule wa kufungia mizigo, ubane kitambaa bila kuufisha ganzi mkono au mguu.

Hatua ya 3: Amua kubaki au kutoka

Unabaki ikiwa: kuna pengo kwenye kumbukumbu, shingo inauma, pumzi ni fupi, hatua nne zimeshindikana, au umegonga kichwa na unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini au klopidogreli. Hilo la mwisho wengi hulipinga kwa sababu wanajisikia vizuri. Kwa mzee damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa saa nyingi, na kichwa kikaanza kuuma jioni ukiwa bado njiani.

Anayebaki akae kivulini lakini pikipiki iachwe wazi mahali inapoonekana. Filimbi au honi tatu, nafasi, tatu tena. Namba 112 ni ya dharura Tanzania na Kenya. Kifaa cha setilaiti kama Garmin inReach kina kitufe cha SOS kisichohitaji mtandao wa simu, ila kikae mwilini, si kwenye usukani, kwa kuwa pikipiki inaweza kutelemka korongoni na kila kilichofungwa juu yake.

Hatua ya 4: Kuinua

Toa mizigo yote kwanza. Dumu la petroli la lita 20 pekee ni kama kilo 15. Honda XR150L ni takriban kilo 130, Royal Enfield Himalayan ya 411 ni karibu 200, na BMW R 1250 GS inakaribia 250. Hakuna mgongo wa miaka 60 unaopaswa kuinua hivyo kwa mikono.

Kama imelala kulia, fungua stendi ya pembeni kabla ya kuinua, la sivyo utaisukuma hadi iangukie upande wa pili. Weka gia ya kwanza isibingirike. Kwenye mteremko, izungushe ikiwa imelala hadi matairi yaelekee chini ya mlima. Kwenye mchanga, chimba mfereji wa sentimita 10 mahali matairi yatakapokanyaga ili yasiteleze.

Geuza usukani hadi mwisho kuelekea upande ilikoangukia. Ipe mgongo, chuchumaa, makalio yaegemee ukingo wa kiti. Mkono mmoja ushike mpini wa chini wa usukani, mwingine ushike fremu au keria ya nyuma. Nyoosha mikono, angalia mbele, sukuma kwa mapaja, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi fupi. Nguvu itoke miguuni. Kiuno kikianza kujikunja, iteremshe upumzike.

Majaribio matatu, mapumziko ya dakika tano katikati. Kifua kikibana au taya ikiuma, acha kabisa. Huo ni moyo, si uchovu. Mwenye bega bovu atumie mkanda wa racheti: funga kwenye mti ulio upande wa matairi, kimo cha kifua, upande mwingine kwenye fremu chini ya kiti, uvute meno machache kwa wakati.

Wakija vijana wa kimaasai kusaidia, wapange kabla hawajashika. Mmoja usukani, mmoja keria, wa tatu upande wa pili azuie isipitilize. Bila maelekezo watashika indiketa na ekzosi. Stendi izamapo mchangani, weka jiwe bapa chini yake.

Hatua ya 5: Kukagua na kuwasha

Iache imesimama dakika 10 ili oili irudi chini. Angalia kiwango, na kama chujio la hewa limelowa, likamue. Kama iliangukia mtoni, usibonyeze selfu: fungua plagi kwanza, zungusha injini maji yatoke, ndipo uirudishe. Maji hayabanwi, pistoni ikikutana nayo, koneksheni rodi hupinda. Pikipiki mpya nyingi zina kihisi cha kuanguka kinachozima injini, hivyo zima ufunguo na kuwasha tena kabla hujaanza kutafuta ubovu usiokuwepo. Moshi wa bluu dakika chache za mwanzo ni wa kawaida.

Cha lazima kabla ya kusogea ni vitu vinne: mpini wa moto (wa kuongezea mwendo) urudi wenyewe ukiuachia, usukani ugeuke mwisho hadi mwisho bila kukwama, breki zote mbili zishike, na kusiwe na petroli inayodondoka. Tangi lililopasuka kidogo lisugue sabuni ya mche. Petroli haiiyeyushi, itakufikisha. Mkono wa gia uliopinda unyooshe taratibu kwa spana malaya, na uache kabla haujanyooka kabisa, maana aluminiamu huvunjika ukiidai sana.

Usukani kwenda kombo na tairi ni kawaida. Dawa yake ni kulegeza ekseli ya mbele na bolti za kubana shokapu, kubana tairi kati ya magoti na kuupinda usukani urudi. Kijana afanye hivyo. Wewe uliyeanguka kwa nyonga, kama hakuna kinachokwama, ondoka nao kombo hivyo hivyo polepole, fundi atamalizia mjini.

Hatua ya 6: Kutoka

Kamua mkono wa klachi mara 20. Usipoweza kufanya hivyo bila maumivu, hutaweza kwenye mchanga. Rudi njia uliyotoka nayo, hata kama ya mbele ni fupi, ile unaijua. Kilomita 30 kwa saa, simama kila dakika 15, jiulize leo ni siku gani na kijiji kinachofuata ni kipi.

Hatua ya 7: Hospitali na wiki zinazofuata

Tanzania utaulizwa fomu ya PF3 ya polisi kwa majeraha ya ajali, ila dharura hutibiwa kwanza. Taja dawa zote unazotumia kabla hujaulizwa. Sindano ya pepopunda ni muhimu kwa jeraha lenye udongo ikiwa ya mwisho imepita miaka mitano.

Usijinunulie diklofenaki duka la dawa. Ikikutana na dawa za presha huumiza figo, na ikikutana na warfarini huleta kuvuja damu tumboni. Parasetamoli inatosha kwa wengi, isizidi gramu 3 kwa siku.

Mbavu hupona kwa takriban wiki 6. Usifunge kifua kwa bendeji. Pumzi fupi huleta nimonia, na kwa mzee nimonia ndiyo inayoua, si mbavu. Vuta pumzi ndefu mara 10 kila saa uwapo macho, na ukikohoa kumbatia mto.

Kifundo cha mkono kinachouma kwenye kishimo cha chini ya kidole gumba kirudiwe eksirei baada ya siku 10 hadi 14, hata kama ya kwanza ilionyesha salama. Na kwa wiki kadhaa baada ya kugonga kichwa, wa nyumbani waangalie: kuchanganyikiwa, kuburuta mguu, usingizi wa ajabu. Damu inayokusanyika polepole kwenye fuvu hudhaniwa kuwa ni uzee tu.

Ukivunjika mfupa kwa kuanguka kwa mwendo mdogo baada ya miaka 50, omba kipimo cha uimara wa mifupa.

Hatua ya 8: Kurudi

Helmeti iliyogonga haitumiki tena. Tabaka la ndani hubonyea mara moja tu. Jipime kwenye kiti: mikono kifuani, simama na kukaa kwa sekunde 30. Mwanaume wa miaka 60 hadi 64 anayepata chini ya 14, au mwanamke wa umri huo chini ya 12, aimarishe mapaja kwanza. Kisha simama mguu mmoja sekunde 10 kila upande, kwa kuwa ndivyo unavyopanda na kushuka.

Mwisho, ilaze pikipiki kwenye nyasi nyumbani ikiwa na mizigo ya safari, uiinue peke yako mara mbili. Ikishindikana, punguza mizigo na ujaribu tena. Ikishindikana bila mizigo, tafuta pikipiki nyepesi au mwenza wa safari.