Kuomba kadi ya ulemavu ukiwa na ugonjwa wa kudumu

Wengi wanaokuja kwenye saiba yangu (duka la kompyuta na intaneti) hapa Kondele, Kisumu, niwasaidie na maombi ya ulemavu huanza hivi: "Dada, ugonjwa wangu uko kwenye orodha?" Nina selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), na nyonga yangu ya kushoto imekwisha, kwa hiyo najua swali hilo linatoka wapi. Kinachoangaliwa si jina la ugonjwa. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 260, inapoeleza ulemavu inataja hata ugonjwa, mradi uwe umeathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu uwezo wako wa kufanya shughuli za kila siku. Watu wawili wana kisukari: mmoja analima na kuendesha boda, mwingine miguu imekufa ganzi na macho hayaoni vizuri. Huyo wa pili ndiye mwenye kesi.

Anzia kliniki. Mwombe daktari anayekutibu akuandikie ripoti, na usiridhike na ile ya mstari mmoja, "mgonjwa wa selimundu, anaendelea na dawa." Ripoti yenye uzito inasema mfupa wa nyonga umekufa kwa kukosa damu, hawezi kuchuchumaa, anatembea na gongo, maumivu yakizidi hulazwa. Ambatisha eksirei na karatasi za kutoka wodini. Toa kopi za kila kitu.

Halafu nunua daftari la shule, lile la bei ya chini kabisa. Kila jioni, kwa majuma kadhaa kabla ya kupimwa na kamati ya madaktari hospitalini, andika kilichokushinda. Langu lilisomeka hivi: "Maji: nimebebewa na mtoto wa jirani. Choo: nimeshindwa kuchuchumaa, nimetumia ndoo. Ugali: nimeanza kusonga, nyonga imekataa nisimame, dada amemalizia." Ile ya choo ina aibu yake, lakini andika tu. Magonjwa yetu hupanda na kushuka. Siku ya kupimwa unaweza kuamka na nguvu zako, madaktari wakaona mtu aliyeingia kwa miguu yake. Daftari litawaambia kuhusu zile siku nyingine.

Ukiwa mbele yao, yale mazoea ya kujibu "niko sawa tu, daktari" yaache mlangoni. Ukiulizwa kama unaweza kutembea, eleza unafika wapi kabla ya kusimama, na usiku wake unalalaje. Kama selimundu ilikuletea kiharusi kikagusa mkono na usemi, taja vyote viwili. Lakini usiongeze chumvi. Kuna mtu niliyemwona akiingia anachechemea mguu wa kulia, akatoka anachechemea wa kushoto.

Upimaji hufanyika katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Hapa Kisumu wengi huenda hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Ulizia kwanza siku ambazo kamati hukaa, nauli isije ikapotea bure.

Ripoti ya kamati ikishaidhinishwa, unajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Andaa kitambulisho, picha ya pasipoti na ripoti yenyewe. Kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Kinachokwamisha wateja wangu zaidi ni majina: kitambulisho kina jina la baba, kadi ya hospitali ina la mume. Yalinganishe mapema. Usajili ni bure, na anayetaka "ya chai" ili faili isonge, mpite. Mimi natoza kazi ya kompyuta tu, na mwenye gongo kama langu namtoza ya soda.

Sasa, kadi ya ulemavu unayopewa ukisajiliwa haina pesa ndani. Kila msaada unaombwa kivyake. Kama umeajiriwa, omba msamaha wa kodi kwa KRA, mamlaka ya kodi, kupitia tovuti yao ya iTax. Shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Cheti cha msamaha huo kina mwisho wake, kwa hiyo andika tarehe mahali utakapoiona. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, ni za nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kuangaliwa saa zote. Hizo huanzia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii. Mimi sijaziomba, maana bado najiogesha na kujipikia siku nyingi. Gongo au kiti cha magurudumu, ulizia ofisi ya Baraza ya kaunti.

Ukikataliwa, usiondoke na jibu la mdomo. Omba sababu kwa maandishi, ukitaja Ibara ya 47 ya Katiba kwa upole. Karatasi hiyo mpelekee daktari wako wa kliniki, ajibu hoja hiyohiyo kwenye ripoti mpya, kisha urudi nayo.