Namna ya kutengeneza albamu ya hadithi ya mazombi ukiwa msanii huru

Albamu ya hadithi ni ile ambayo nyimbo zake zote zinasimulia kisa kimoja, na anayeisikiliza toka mwanzo hadi mwisho anapata mchezo mzima. Kisa cha mazombi kinaifaa sana kazi hii, hasa kwa msanii asiye na lebo. Hulipi waigizaji, hununui damu ya bandia, wala hufungi barabara ili upige picha. Unayoyasoma hapa ndiyo ninayoyafanya kwenye studio yangu ya chumbani, Dar es Salaam, kwa kompyuta moja, maiki moja na simu ya kurekodia nje.

Hatua ya 1: Waandikie wafu kanuni zao

Usiguse biti kwanza. Chukua karatasi uandike wafu wako ni wa aina gani. Zombi wa Haiti alikuwa mtumwa, mfu aliyeamshwa kwa uchawi ili amtumikie bwana. Kisha mwongozaji George Romero, katika filamu yake ya 1968, Night of the Living Dead, aliyoipiga karibu na Pittsburgh, Marekani, akamwondoa yule bwana. Wafu wake hawatumwi na mtu, wanakula watu, na kila anayekufa huinuka. Sisi nasi tuna msukule, ambaye inaaminika alizikwa bure huku mwenyewe amefichwa na mchawi, analima usiku na hasemi. Huyu ni ndugu wa zombi wa Haiti. Ana bwana wake, haambukizi, na jamaa zake wanaweza kumtafuta wakamrudisha.

Uamuzi huu unabeba albamu nzima. Ukichagua maambukizi, unasimulia mji unaoanguka. Ukichagua msukule, unasimulia familia inayomtafuta mtu wake, na adui ana jina na nyumba. Usivichanganye ovyo, maana msikilizaji wetu anazijua kanuni za msukule tangu utotoni, na akisikia msukule anang'ata watu Kariakoo, ataacha kukuamini. Tena tuhuma za uchawi huumiza watu kwelikweli, kwa hiyo usichukue kisa cha familia iliyopo mtaani kwenu.

Mfano nitakaoutumia ni wa maambukizi, wenye kanuni mbili ninazozipenda kuliko zote kwa sababu zinaufanya muziki uwe sehemu ya hatari. Ya kwanza, wafu wanafuata sauti. Kuanzia hapo kuimba kwenyewe ni kujiweka hatarini, na wimbo wa kunong'ona unapata sababu ya kuwepo. Ya pili, kila mfu anakariri sentensi ya mwisho aliyoisema akiwa hai. Umeshapata kiitikio.

Hatua ya 2: Kisa katika sentensi kumi

Nyimbo kumi, kama dakika 40, zinatosha. Andika sentensi moja kwa kila wimbo, na katika kila sentensi kitu kibadilike: mtu aondoke, mlango ufungwe, umeme ukatike. Sentensi isiyobadilisha kitu ifute, hata kama wimbo wake ni mtamu.

Msimulizi awe mmoja. Wangu ni mtangazaji wa zamu ya usiku katika redio ndogo mjini, na dada yake yuko Kigamboni, ng'ambo ya kivuko. Yeye hawezi kutoka, dada anakuja.

Matukio yaweke kwenye beti, kiitikio usikipe habari. Habari ikisikika mara tatu inachosha. Kiitikio kipe maneno ambayo maana yake itageuka baadaye. Katika wimbo wa tatu dada anapiga simu kutoka getini, anaimba:

*Nifungulie, ni mimi,*
*nifungulie, usiku umeingia.*

Katika wimbo wa tisa maneno ni yaleyale, sauti ileile, melodi ileile, ila sasa hakuna pumzi kati ya mistari. Hakuna haja ya kueleza chochote. Msikilizaji anaikumbuka kanuni ya pili, na anajua aliye nje ya mlango si dada tena. Rekodi viitikio hivyo viwili siku moja, mwimbaji akiwa kwenye hali ileile ya koo, kisha kwenye cha pili kata kila pumzi kwa mkono. Kazi hiyo ndogo inatisha kuliko mayowe yote utakayoweza kurekodi.

Hatua ya 3: Rekodi mji, kisha uuzime

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote, na wengi huiruka. Maafa makubwa msikilizaji huyasikia kwa vitu vinavyonyamaza.

Toka na simu, visha maiki yake kipande cha sponji kuzuia upepo, urekodi kwa ubora wa 48 kHz na bit 24 kama programu inaruhusu. Nilizonazo kwenye maktaba yangu ni konda anayeita "Posta! Posta!", honi ya kivuko, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, jenereta la duka, watoto wakitoka shule, na kunguru, ambao Dar haina uhaba nao. Kila sauti irekodi dakika mbili au tatu bila kuongea, na mtu ambaye sauti yake inatambulika muombe ruhusa. Adhana na kengele za kanisa mimi sizitumii kama kitisho. Zikisikika, zisikike kama zilivyo, bila kuchezewa.

Kisha chora jedwali, nyimbo juu, sauti pembeni. Katika wimbo wa kwanza sauti zote zipo, chini kabisa ya biti, kiasi kwamba asiyevaa spika za masikioni hatazigundua. Kila wimbo unaofuata ondoa moja. Konda aondoke mapema. Muuza kahawa abaki hadi wimbo wa tano, maana vikombe vyake vinasikika usiku, na siku visiposikika mtu anashtuka bila kujua kwa nini. Kunguru usiwaondoe. Waongeze.

Hatua ya 4: Sauti za wafu na za miili

Mngurumo wa zombi hupatikana kwa kutoa sauti huku unavuta pumzi ndani. Rekodi mara kadhaa ukiwa umbali tofauti na maiki, shusha baadhi nusutoni tatu hadi tano, zilaze pamoja. Njia hii hukausha koo, hivyo weka maji karibu na uache mara tu unapohisi maumivu.

Vingine vyote viko sokoni. Mfupa ni muwa unaovunjwa karibu na maiki. Nyama ni papai lililoiva linalobonyezwa kwenye beseni. Kichwa kinachopigwa ni kabichi. Miguu inayoburuzwa ni kandambili za mpira juu ya kokoto, mguu mmoja ukibaki nyuma ya mwenzake.

Ukishavipata, vifiche. Kabla ya wimbo wa nne wafu wasikike kupitia ukutani tu: kata masafa yote ya juu ya 700 Hz hivi, ubaki mvumo mzito.

Hatua ya 5: Taarifa za redio

Tarehe 30 Oktoba 1938, mwigizaji Orson Welles alirusha kupitia mtandao wa redio wa CBS huko Marekani mchezo wa redio kuhusu uvamizi kutoka Mars. Mapema kabisa ndani yake kulikuwa na muziki wa dansi unaokatizwa na taarifa za habari. Mbinu hiyo bado haijazeeka. Fungua albamu kwa wimbo wa kuchezeka kabisa, uukatize katikati ya ubeti.

Mlio wa tahadhari utengeneze mwenyewe. Ule wa mfumo wa dharura wa Marekani, ambao watu huupakua mtandaoni, sheria za kule zinakataza kuurusha hewani bila dharura ya kweli au jaribio rasmi. Mwezi Februari 2013 wadukuzi waliuingia mfumo huo kupitia kituo cha televisheni cha KRTV, Montana, wakatangaza kwamba maiti zinafufuka makaburini. Kwetu hatari iko WhatsApp: kipande cha sekunde 20 cha "tangazo" kikikatwa kwenye wimbo wako kitasambaa bila jina la albamu. Kwa hiyo redio yako iwe na jina la kubuni, usitaje ofisi wala kiongozi aliyepo, na chini ya tangazo pitisha melodi kidogo ili isikike kuwa ni sanaa.

Sauti iwe nyembamba kama ya simu: bakiza kati ya 300 na 3,400 Hz.

Hatua ya 6: Muziki wenyewe

Mpe dada noti tatu zake. Zipigwe kila anapotajwa, kwa ala tofauti, na mwishoni zipigwe kinyumenyume. Kwa mbio tuna singeli, ambayo huvuka midundo 200 kwa dakika bila shida. Sijasikia muziki mwingine unaofanana hivyo na mtu anayekimbizwa uchochoroni. Baada ya mbio, gawa kasi kwa mbili ukiacha sauti zilezile, na msikilizaji atahisi miguu imechoka.

Ukitaka kuchukua maneno kutoka filamu, ile ya Romero ya 1968 haina hakimiliki nchini Marekani, kwa kuwa msambazaji alipobadilisha jina la filamu tangazo la hakimiliki liliachwa nje. Zilizofuata zinalindwa, usiziguse.

Hatua ya 7: Kuunganisha na kupakia

Weka nyimbo zote zilizomiksiwa kwenye mradi mmoja mrefu, ndipo uzikate. Hivyo upepo wa wimbo wa pili utaingia wa tatu bila pengo. Toa WAV, kwa sababu MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. Kilele kisipite -1 dB, na usilazimishe nyimbo zote zilingane kwa ukubwa wa sauti. Spotify huhifadhi tofauti hizo mtu anaposikiliza albamu kwa mpangilio, na wimbo wa kunong'ona lazima ubaki mdogo.

Maigizo mafupi usiyafanye nyimbo za pekee. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Yabandike mwishoni mwa wimbo uliotangulia. Yakikaa mwanzoni, atakayekutana na wimbo kwenye orodha ya mtu mwingine atauruka.

Kabla ya kutoa, jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na usajili kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki). Bandcamp, tovuti ambako msanii huuza muziki wake mwenyewe, nayo ni nzuri kwa albamu za namna hii. Inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na inakuruhusu kuambatanisha kijitabu. Humo weka mashairi yote kwa mpangilio, saa ya kila tukio, na ramani ya mtaa uliouzima.