"Pick up": kitenzi cha abiria wangu

Ninaendesha moto, yaani pikipiki, hapa Goma. Mgeni mmoja aliniambia "pick me up at six", nikadhani anataka nimbebe mgongoni! Kumbe nimchukue hotelini saa kumi na mbili. Ukienda kuchukua mzigo, "collect" inafaa pia badala ya "pick up". Kuinua mfuko wa makala (mkaa) toka chini, "lift". Simu ikilia, "answer".

Lugha ni habari nyingine. Kiingereza changu nilikiokota mtaani Birere, hapa Goma, bila darasa: "I picked it up". "Learn" inanukia chaki.

Chunga "it". Unaweza kusema "pick up the bag" ama "pick the bag up", lakini "it" hukaa katikati tu: "pick it up". Mimi nilisema "pick up it" miezi mingi, abiria wakicheka tu.