Oili ya difu ikivuja, anzia kwenye tundu la hewa

Hilux nyingi za zamani hufika kwangu hapa Kisumu chini ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, kukiwa kumejaa oili na vumbi, na mwenyewe ameshaambiwa anunue sili zote, yaani zile raba za kuzuia oili isivuje. Usinunue kitu bado. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, endesha mpaka Ahero na kurudi, kisha laza katoni chini ya gari usiku uone matone yanapoangukia. Oili ya gia hunuka salfa. Ya injini haina harufu hiyo. Upepo husukuma oili nyuma, kwa hiyo tafuta sehemu ya mbele na ya juu kabisa iliyolowa.

Kabla ya sili yoyote, zibua tundu la hewa juu ya ekseli. Likizibwa na tope, joto huongeza presha ndani na oili hutokea penye sili. Kazi hii haina gharama!

Kama ni sili ya mbele ya difu, tikisa kwanza flanji ya propela, ile sahani inayounganisha shafti ndefu ya gari na difu. Beringi ikicheza, sili mpya haitadumu. Tia alama kwenye nati inayoshika flanji na kwenye shafti yake, hesabu mizunguko ukifungua, ili uirudishe palepale. Kuikaza kupita kiasi huua beringi.

Breki za nyuma zikilowa oili, badilisha viatu vyake pia, tafadhali.