Bafu la ukuta wa mbao: mambo ya kuzingatia kabla ya kubandika vigae

Kigae hakibandikwi juu ya mbao. Fundi akikuambia plaiwudi ya milimita 18 inatosha, hata ile ghali isiyoogopa maji, mshukuru kisha mtafute mwingine. Mbao hulowa ikavimba, hukauka ikanywea. Kigae hakivimbi wala hakinywei, kwa hiyo kinaachia. Katikati lazima ikae simenti bodi, yaani ubao wa simenti, milimita 12.

Anza na fremu. Mbao ziwe kavu. Paini ya Sao Hill iliyoshushwa mbichi kwenye lori itapindia ukutani ikiwa tayari imebeba vigae. Nguzo ziachane sentimita 40, kati kwa kati, maana vigae na gundi yake huweza kufika kilo 30 kwa mita mraba. Pigilia mbao za kulala pale sinki na bomba la mvua vitakaposhikizwa. Dawa ya mchwa, sasa. Mabomba yajaribiwe kwa presha, sasa. Weka rula ya mita 2 ukutani: penye uwazi unaozidi milimita 3, randa au jazia.

Simenti bodi ifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu, kila sentimita 20, na kingo zisigusane: acha milimita 3. Jaza mwanya huo kwa gundi ya vigae, zamisha utepe wa wavu wa faiba, sawazisha. Chini kabisa acha milimita 6 bodi isikanyage sakafu, la sivyo itanyonya maji kama utambi.

Halafu dawa ya kuzuia maji, na hapa ndipo mabafu mengi hufia. Watu hudhani kigae na grauti, ile ya kujazia mianya kati ya vigae, vinazuia maji. Grauti ya simenti hunyonya. Simenti bodi haiozi, lakini hupitisha. Uharibifu huanza na ufa mwembamba kama unywele kwenye kona chini ya bomba, unaousugua ukidhani ni uchafu. Kila anayeoga anaongeza kijiko cha maji nyuma yake. Nguzo inavimba, skrubu za jipsamu alizoweka fundi wa haraka zinaliwa na kutu, bodi inaanza kucheza, ufa unapanuka. Ukigonga kigae kwa kifundo cha kidole kinalia kama debe tupu. Uvundo ukianza kusikika, bisibisi inazama kwenye mguu wa nguzo bila kusukumwa.

Kwa hiyo paka dawa hiyo mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatisha wa kwanza, hadi sentimita 15 juu ya kichwa cha bomba la mvua. Kijivu cha bodi kikionekana bado, hujapaka. Kwenye kona na kuzunguka matundu ya mabomba zamisha kitambaa chake ndani ya mkono wa kwanza. Ukishatia nailoni nyuma ya bodi, usipake tena mbele: unyevu utafungiwa katikati ukaozesha vilevile. Chagua moja, ya kupaka ni bora.

Gundi iwe yenye alama C2 na S1 kwenye mfuko, kwa kuwa huvumilia ukuta kucheza kidogo. Konani weka silikoni, si grauti. Vaa barakoa ukikata bodi, vumbi lake huumiza mapafu. Na zima umeme kabla ya skrubu ya kwanza; ndani ya ukuta wa mbao nyaya hupita popote.